Nyuma ya kila mama wa Kitaliano Malindi kuna bibi wawili

Ukimtajia mtu wa Nairobi Waitaliano wa Malindi, atakuchorea mzee mstaafu wa kaptula nyeupe na mkufu wa dhahabu, pembeni yake msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Wapo, sikatai. Lakini mimi ni mwalimu wa chekechea, na Waitaliano wangu ni wengine kabisa: wanawake wa miaka thelathini na kitu, nywele zimefungwa juu ovyo, leso kiunoni, mtoto mmoja mkononi na mwingine kapakatwa mbele kwenye bodaboda, wanafika getini wamechelewa na lawama zote kwa foleni ya sokoni.

Hawa hawaandikwi. Magazeti huandika majumba ya kifahari, kesi za ardhi na ndoa za maajabu. Mama anayetafuta dawa ya vipele vya joto saa nne usiku hana habari ya kuuza. Basi nitawaandika mimi, kwa sababu nimewaona kwa miaka mingi, na kwa sababu nyingine nitakayoifikia.

Walifikaje? Kisa kinaanzia baharini, tena kwa roketi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 profesa mmoja wa Roma, Luigi Broglio, alikuwa akitafuta mahali karibu na ikweta pa kurushia satelaiti, akayachagua maji ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Majukwaa yakasimamishwa baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 satelaiti ya San Marco 2 ikaruka kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ikaruka nyingine ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Watu wa kazi ile walihitaji mahali pa kulala na kula. Wako waliopapenda, wakarudi na jamaa zao. Zikafuata hoteli, ndege za kukodi kutoka Milano na Roma hadi Mombasa, mikahawa, maduka ya aiskrimu. Na baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 tukaanza kuwaona vijana: mtu na mkewe waliouza gari na samani huko kwao, wakaja kufungua nyumba ya wageni ya vyumba vichache au shule ya mchezo wa tiara za kuteleza baharini kule Watamu. Watoto wakazaliwa. Wengine baba zao ni watu wa hapa hapa, Wabajuni, Wagiriama, Waswahili wa Shela, na hao ndio wenye mashangazi wengi na sherehe nyingi.

Jambo la kwanza linalowapata ni kupoteza jina. Mwanamke alikuwa na jina lake, na kwao mwanamke akiolewa habadili hata la ukoo, kwenye kitambulisho hubaki na la baba yake mpaka kufa. Anajifungua Malindi, na kufika mwisho wa wiki muuza samaki, askari wa getini na jirani wote wanamwita Mama Matteo. Mmoja wa Torino aliniuliza kama ni dharau. Nikamwambia ni cheo. Hakuamini, mpaka siku alipoona mumewe pia kaanza kuitwa Baba Matteo na fundi wa jenereta.

Kisha kuna vitu wanavyoviogopa, na hapo ndipo nilipowapenda. Mtu hudhani Mzungu ni daktari, vipimo na kitabu. Mama wa Kitaliano anaogopa upepo. Mtoto akiwa na jasho asipitiwe na upepo wa feni. Nywele mbichi asitoke nje. Tumbo lisiachwe wazi usiku, hata kwenye joto la Februari, ndiyo maana watoto wao huvalishwa fulana ya ndani ya pamba ambayo yaya huivua mara tu mama anapogeuka. Akila chakula cha mchana asiingie baharini mpaka yapite masaa mawili au matatu, eti chakula kitamgandia tumboni azame. Watoto wa Malindi wanakula ugali na kujitosa majini papo hapo, na wanarudi wazima. Lakini ukimwambia hivyo atakutazama kwa huruma.

Wao nao walishangaa kwamba ikikaribia magharibi tunawaita watoto ndani. Kwao kiangazi ndiyo kwanza kunakucha: watoto wanakimbizana uwanjani mbele ya kanisa hadi karibu na saa sita za usiku, wazee wakiwa kwenye viti wanawaangalia, na kitoto kichanga kimelala kwenye kigari chini ya meza ya mkahawa. Sisi magharibi ina wenyewe, na mtoto hapiti njia panda wakati huo. Mama wa Bari hakuhitaji kuelezwa sana. Aliuliza tu, "Ni majini, au ni macho ya watu?" Kwao, kusini kabisa mwa Italia, jicho baya linajulikana, na bibi yake alikuwa akilipima kwa kudondosha mafuta ya zeituni kwenye sahani ya maji na kutazama yanavyotawanyika, huku akisema maneno ambayo hufundishwa usiku wa kuamkia Krismasi tu. Alipoona mtoto wa jirani kapakwa wanja kwenye paji la uso, hakuuliza. Alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeona kibao cha kijiji chao.

Hata arobaini wanayo, au walikuwa nayo. Mzazi wa kwao zamani alikaa ndani siku 40, akinyweshwa supu ya kuku, asioshe nywele, asiguse maji baridi. Siku hizi hospitali humruhusu aende zake na kijana wa kike anapakia picha mtandaoni siku ya tatu. Hapa Malindi wako waliorudishiwa arobaini zao na mama mkwe wa Kibajuni, wakalalamika wiki ya kwanza, wakashukuru ya pili.

Malaria ni hofu ya haki, na siwezi kuicheka. Lakini hata hiyo haikuwa ngeni kwao kama wengine walivyodhani. Mama mmoja wa Sardinia, mtoto wake alipopatikana na vijidudu, alimpigia simu bibi yake akilia, na bibi akamjibu kwa utulivu kwamba kwao kila nyumba ilikuwa na kwinini. Ni kweli. Mwaka 1900 Italia ilitunga sheria kwinini ya serikali iuzwe kwa bei nafuu katika maduka ya tumbaku, na hata aliyethibitisha kwamba mbu aina ya Anofelesi ndiye anayemwambukiza mtu alikuwa Mtaliano, Battista Grassi, mwaka 1898. Shirika la Afya Duniani liliitangaza Italia kuwa nchi isiyo na malaria mwaka 1970. Yaani wale bibi wanaokuja na mabegi Desemba, wengine wazazi wao waliugua homa hii hii, kisha ikasahaulika.

Nimesema mabegi. Hapo sasa ndipo penye moyo wa habari yangu.

Bibi wa Kitaliano, nonna, si mtu wa kutembelewa Jumapili tu. Ni taasisi. Taifa limemtengea siku yake na ya babu, tarehe 2 Oktoba, kwa sheria ya mwaka 2005. Na si kwa mapenzi matupu. Mwaka 2002 nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana Barcelona kwamba ifikapo 2010 kuwe na nafasi za malezi ya mchana kwa angalau asilimia 33 ya watoto wa chini ya miaka mitatu. Zaidi ya mwongo mmoja baada ya 2010, Italia kwa jumla ilikuwa haijafika hapo, na kusini ndiyo iko nyuma kabisa. Mama anapewa likizo ya uzazi ya miezi mitano kwa asilimia 80 ya mshahara, kisha anarudi kazini, na mtoto anakwenda kwa nonna. Nonna anampokea, anamlisha, anamchukua shuleni, anampeleka kwa daktari, anamfundisha kusali na kumtukana dereva. Mwaka 2024 walizaliwa watoto 370,000 hivi nchi nzima, na wastani ukashuka hadi mtoto 1.18 kwa mwanamke, kiwango cha chini kuliko chochote walichokuwa wamewahi kuandika hadi hapo. Watu husema sababu ni kodi za nyumba, mishahara, kazi za mikataba mifupi. Mimi naongeza: nonna siku hizi mwenyewe bado yuko kazini, umri wa kustaafu umefika miaka 67, na asiye na nonna huko hesabu ya mtoto wa pili haimtokei.

Sasa mchukue huyo mwanamke umhamishe nchi. Nyumba inapatikana. Tambi zinapatikana, Malindi hata jibini la Parmigiano lipo dukani kwa mwenye pesa. Kinachokosekana ni mikono ya bure ya mama yake mzazi. Wale waliohamia London au Ujerumani, ambao hawa wetu huongea nao kwenye simu jioni, ndiyo kilio chao kikuu: mtoto ana homa, kituo cha malezi kimemkataa, mume yuko kazini, na wa kumpigia simu yuko ng'ambo ya milima ya Alpi. Huko nonna anakuwa sura kwenye kioo. Anaimba, mtoto anabonyeza pua yake, simu inakatika.

Desemba wa kwetu wanakuja kimwili. Kila begi ni lile lile: vipande vya jibini vilivyofungwa bila hewa, biskuti za Plasmon za kulainisha kwenye maziwa, fulana za ndani za pamba dazeni nzima, na tambi ndogo mno za umbo la nyota. Hizo tambi ndizo uji wao. Mtoto akifika miezi sita hivi hupikiwa mchuzi mwepesi wa karoti, kiazi na mboga, zikatiwa zile nyota, kikamiminwa kijiko cha mafuta ya zeituni na kunyunyiziwa jibini. Nimeonja, si mbaya, ila ningetia chumvi. Nonna mmoja alipoona mjukuu wake anashushia kikombe kizima cha uji wa wimbi na sukari kidogo na ndimu, alikunja uso, akaonja, akaomba unga wa kwenda nao. Mwingine alikasirishwa na kovu la chanjo ya kifua kikuu kwenye mkono wa kushoto wa mtoto. Huko hawachanjwi tena kwa kawaida, na yeye alidhani mtoto kachomwa na sigara. Tulimwonyesha kijitabu cha kliniki. Alikisoma ukurasa kwa ukurasa, asielewe neno, mpaka alipofika kwenye jedwali la kilo.

Januari wanaondoka, na nyumba inarudi kwa yule aliyekuwapo muda wote, yaya.

Hakuna mama wa Kitaliano Malindi mwenye mtoto mdogo asiye na yaya, au niseme sijamwona. Ndiye sababu wenzao wa London wanawaonea wivu. Mwanamke wa Ganze, wa Marafa, wa Kaloleni, mara nyingi ana watoto wake, anafika alfajiri au analala hapo hapo. Na mtoto, kwa vile ndiye anayekaa naye, anakipata Kiswahili kabla ya Kitaliano. Nina wanafunzi wa nywele za dhahabu wanaosema "si nimekwambia mimi sitaki" kwa lafudhi ya Kigiriama tupu, na mama akiongea Kitaliano wanamjibu kwa Kiswahili. Wanasahihishana wenyewe kwa muda, lugha haziui mtu. Wakifika miaka mitano wanazigawa: hii ya mama, hii ya yaya, hii ya mwalimu.

Lakini kuna siku mtoto wa miaka miwili alianguka uwanjani kwetu, mdomo ukatoka damu. Mama yake alikuwa amesimama hatua tatu, mikono wazi. Mtoto akampita. Akamkimbilia yaya aliyekuwa kule kwenye benchi, akauficha uso kwenye leso yake. Yaya alijua kilichotokea kabla ya mtu kusema lolote, akajaribu kumgeuza mtoto amwelekee mama. Mtoto akang'ang'ania. Yule mama aliinama akaokota kiatu kilichovuka, akakipangusa mchanga muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilimhurumia. Nilikuwa pia na jambo langu kifuani, kwa sababu mimi ni mtoto wa upande wa pili wa benchi lile.

Mama yangu alikuwa yaya wa Waitaliano. Alianza mimi sijaingia shule. Alilala kazini, nyumbani alikuja mwisho wa mwezi, na msimu wa watalii hata mwisho wa mwezi ulimpita. Mimi na ndugu zangu tulikaa Magarini na hawe, ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi. Mama alipofika nilimsalimu kama mgeni, nikajificha nyuma ya hawe mpaka aliposhusha mfuko. Alileta penseli za rangi, nguo zilizowabana wale watoto, na nyimbo. Usiku alitulaza kwa nyimbo za Kitaliano, kwa sababu ndizo alizoimba kila siku na ulimi ulikuwa umezizoea. Za Kigiriama tuliimbiwa na hawe. Kitaliano changu ninachokisifia kazini kilianzia hapo, kwenye mkeka, kwa nyimbo za kulaza watoto wa wenyewe.

Hawe hakulipwa na mtu. Alilima mahindi, akateka maji, akatulisha, akatupeleka zahanati. Mwajiri wa mama hakumjua hata jina. Lakini bila hawe mama asingeweza kulala Malindi, na bila mama kulala Malindi mwajiri wake, mwenye hoteli, asingefungua mlango wa jikoni saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo ninaposikia mtu anasema mama fulani wa Kitaliano amelea watoto wake peke yake ughaibuni bila msaada wa ukoo, huwa najiuliza anahesabu vipi. Ukoo ulikuwapo. Haukuwa wake tu.

Nilidhani nimegundua jambo la aibu yao, mpaka mmoja wao aliponiambia ni lao tangu kale. Alikuwa mama wa Belluno, milima ya kaskazini, mtu wa maneno machache. Alisema bibi wa bibi yake alikuwa mnyonyeshaji wa kukodiwa. Kazi hiyo Italia ilijulikana: wanawake wa Belluno, wa Friuli, wa Ciociaria, wakishajifungua tu walishuka mijini kunyonyesha watoto wa matajiri, wakavalishwa nguo nzuri na shanga, na wa kwao wakabaki kijijini kwa bibi wakinyweshwa maziwa ya ng'ombe. Wengine walivuka bahari hadi huku kwetu Afrika. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, wanawake wa vijiji vya karibu na Gorizia walipanda meli Trieste kwenda Aleksandria, Misri, kuwa wanyonyeshaji, yaya na wapishi. Wengi lugha yao ilikuwa Kislovenia, ila kati ya vita viwili vya dunia eneo lao lilikuwa chini ya Italia. Pesa walizotuma ndizo zilizonusuru mashamba kwao. Watoto waliowaacha walilelewa na bibi na mashangazi, na wako waliomwona mama yao tena wakiwa wameshaanza kuvuta sigara.

Nilimwomba arudie. Yaya wa Kizungu, Afrika, mtoto kaachwa kwa bibi. Akarudia.

Na Uswisi ni juzi tu. Waitaliano waliojenga barabara na majengo ya huko miaka ya 1950 hadi 1970 wengi waliingia kwa kibali cha msimu, na kibali hicho hakikuruhusu kuja na mke wala mtoto. Wanawake nao walikwenda kwa kibali kile kile, viwandani na mahotelini. Waliobahatika kuwa na nonna mwenye nguvu walimwachia watoto. Wengine waliwaweka kwenye makao ya watoto upande wa Italia, Domodossola na Como, wawe karibu na mpaka. Na maelfu waliwavusha kwa siri wakawafungia chumbani kutwa nzima: usicheze kwa kelele, usilie, usichungulie dirishani, jirani akisikia tutafukuzwa sote. Ni watoto wadogo, wa umri wa darasa langu. Mtoto wa miaka minne umkataze kulia kwa sauti miezi tisa. Kibali hicho kilifutwa mwaka 2002. Watu hao wako hai, wengine ndio hao wastaafu wa kaptula nyeupe tunaowacheka ufukweni.

Hata Maria Montessori, ambaye jina lake limebandikwa kwenye mageti ya chekechea kutoka Malindi hadi Kisumu, alipitia mlango huo. Alifungua Nyumba ya Watoto ya kwanza katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907, akaufundisha ulimwengu jinsi ya kumheshimu mtoto. Mtoto wake mwenyewe, Mario, aliyemzaa 1898 nje ya ndoa, alilelewa na watu wengine mashambani, na alikuja kuishi na mama yake akiwa kijana. Vyuo vya ualimu haviligusi jambo hili, au huligusa mbio. Mimi naona lingefundishwa wiki ya kwanza.

Kuhusu shule yenyewe tunagombana, na sitajifanya mpatanishi. Wazazi wa hapa wanataka mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, asome, aandike, aje na kazi ya nyumbani, maana ndiyo wanalipia. Mama wa Kitaliano akiona mtoto wa miaka mitano kapewa kurasa mbili za hesabu, anakuja na uso mwekundu. Kwao kabla ya miaka sita ni kuchora, kuimba, kuchafuka udongo, na kujifunza kula mezani na wenzake. Herufi zitangoja. Kama mwalimu naona wana haki. Kama mtu wa Magarini najua mtoto wa yaya hana kitabu nyumbani, na asipozijua herufi kwangu hatazijua karibuni. Wao wanaweza kungoja, sisi hatujawahi kuwa na hiyo nafasi.

Karatasi nazo zina vituko vyake, nitazipita haraka. Kuzaliwa Malindi peke yake hakumpi mtoto uraia wa Kenya, sharti mama au baba awe Mkenya. Upande wa Italia damu ilitosha, mpaka 2025 walipobadilisha sheria na kumwekea masharti mtoto anayezaliwa nje akiwa na uraia mwingine: kwa kifupi, sasa huangaliwa kama mzazi aliwahi kukaa Italia miaka miwili mfululizo kabla ya mtoto kuzaliwa, au kama mzazi, babu au bibi ana uraia wa Italia pekee. Waliokuja hapa wakubwa hawana shida. Wenye wasiwasi ni wale waliozaliwa papa hapa, wana pasipoti mbili, wanaongea Kiswahili cha Malindi kuliko mimi, na sasa ni zamu yao kuzaa.

Turudi kwa yaya. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na yaya ni mwanamke na ni mfanyakazi. Ukiwauliza waajiri wa mji huu, Waitaliano kwa Wakenya, wengi watakwambia hawakujua, na Mkenya atakwambia kwa sauti kubwa zaidi. Yaya akipata mimba anaagwa vizuri, anapewa shuka na kilo mbili za sukari, nafasi yake inachukuliwa na binamu yake. Wasichana wengine wakichoka na hayo wanakwenda Saudia, na watoto wao wanabaki Ganze na Kaloleni. Kwa nani? Unajua kwa nani.

Mama wa Bari, yule wa majini na macho ya watu, yaya wake alijifungua mwaka uliopita. Alimpa miezi mitatu na mshahara, kisha akamwambia arudi na mtoto. Mumewe alinung'unika kuhusu nafasi. Mama yake mzazi alipokuja Desemba alikuta vitoto viwili sebuleni, akavaa miwani, akavitenganisha kwa rangi ya fulana za ndani, maana na kile cha pili alikivalisha, halafu akapika sufuria moja ya zile tambi za nyota. Yaya alinisimulia hayo kwa kicheko na kwa malalamiko pamoja, kwa sababu mwanawe sasa anakataa uji.

Yaya huyo ana mkubwa wa miaka minne, yuko Ganze kwa bibi yake. Nimemwambia bosi wake wazi, bila kuzungusha, kwamba kama kweli anataka kusaidia aniletee na huyo darasani. Ada yetu haizidi anachotumia kwa jibini. Aliniuliza mtoto atakaa wapi, nikamjibu swali hilo amuulize yaya, mama wa mtoto, si mimi. Wamezungumza. Bibi wa Ganze amekubali kwa sharti kwamba mtoto arudi kwake kila likizo, na nonna wa Bari ametuma pesa ya sare kupitia simu ya mkwewe. Muhula wa kwanza umelipwa. Wa pili bado tunavutana, wao wanataka nipunguze bei kwa sababu ni watoto wawili wa nyumba moja.